Maisha ya Bibi Mmoja wa Lukozi na Habari ya Matuta

Habari za Usambaa zilianza kuandikwa kwa Kiswahili mapema kuliko habari za nchi nyingi za bara. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi alizikusanya habari za Wakilindi tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kitabu chake kilitolewa upya mwaka 1962. Ndani yake yumo Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na mbwa wake. Yumo Kimweri aliyeketi Vuga. Vimo vita vya wanawe na wajukuu wake walipogombea nchi. Mtu akimaliza kukisoma hujua nani alitawala wapi, na nani alimpokonya nani. Lakini akiuliza ni nani aliyelima chakula walichokula wapiganaji hao, au ni nani aliyewazika maiti wao na kuwalea yatima wao, jibu haliji upesi.

Mwaka 1958 Shaaban Robert alitoa Wasifu wa Siti Binti Saad, akaonyesha kuwa maisha ya mwanamke aliyezaliwa katika umaskini kijijini Fumba yalistahili kuandikwa kama yalivyostahili maisha ya mfalme. Hatua hiyo ilikuwa kubwa katika fasihi yetu. Walakini Siti alikuwa na sauti iliyovuka bahari, ikatiwa katika sahani za santuri, ikasikika na watu ambao hawakumwona kwa macho. Je, mwanamke ambaye hakutawala wala hakuimba, ambaye hakuacha maandishi wala sauti, naye ana historia? Au yeye ni wa kukumbukwa na jamaa zake tu, kwa muda wa kizazi kimoja au viwili, kisha asahauliwe?

Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza maisha ya bibi yangu, mzaa mama, aliyeishi Lukozi na kufia huko. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda jina lake litangulie kazi yake. Tena mengi nitakayoyasema juu yake yaliwapata wanawake wengi wa milima ile, na sitaki msomaji adhani kuwa alikuwa peke yake.

Lukozi ipo juu ya milima ya Usambaa, katika njia itokayo Lushoto, ikapita msitu wa Magamba, ikaelekea Mtae. Ni nchi ya baridi na ukungu, na mashamba yake yamelala ubavuni mwa vilima. Leo watu wa mbali huijua kwa soko lake la mboga: kabichi, karoti na viazi hupakiwa humo katika malori na kuteremshwa mpaka Tanga na Dar es Salaam. Bibi alipokuwa msichana, kabla ya vita vya pili vya dunia, shamba lilikuwa kwanza la tumbo la nyumba, na soko lilikuja baadaye. Mgomba ulisimama karibu na nyumba. Mahindi na maharage yalipandwa mbali kidogo, mtelemkoni.

Katika desturi za Wasambaa, mume alimgawia kila mke shamba lake. Shamba lile lilihesabiwa kuwa la nyumba ya mke huyo: humo alilisha watoto wake, na wanawe walitazamia kurithi humo. Kwa hiyo mwanamke, ingawa hakuitwa mwenye ardhi, alikuwa ndiye mwenye kuijua. Alijua wapi maji hupita mvua ikizidi, wapi udongo ni mweusi na wapi ni mwekundu, wapi maharage hukataa. Ujuzi huo haukuwa katika barua wala katika baraza. Ulikuwa mikononi na miguuni.

Ipo jozi ya maneno ya Kisambaa ambayo hayana budi kufahamika kabla hatujaendelea. Wasambaa husema juu ya kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, kuiponya. Na juu ya kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Vuga aliyekuwa na nguvu, asiye na mshindani, aliaminiwa kuwa huiponya nchi: mvua hunyesha kwa wakati, njaa hukaa mbali. Wafalme waliposhindana, nchi iliharibika. Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyeishi na wazee wa Usambaa na kuwasikiliza, ameyafanya maneno haya kuwa nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra. Mimi naongeza jambo moja tu. Mfalme aliitwa mponya nchi, lakini aliyekuwa wa kwanza kujua kama nchi imepona au imeharibika ni mwanamke aliyeinua kifuniko cha ghala na kutazama ndani.

Sasa tufike katika habari ya matuta, ambayo ndiyo kitovu cha maisha ya bibi. Baada ya vita vya pili vya dunia Serikali ya Waingereza iliona kuwa udongo wa milima unachukuliwa na maji. Jambo hilo lilikuwa kweli; watu waliongezeka, na mitelemko mikali ililimwa. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, si mbali na Lukozi, na katika miaka iliyofuata mpango huo ulitandazwa katika sehemu nyingine za Usambaa. Watu waliamriwa kulima matuta ya kukinga maji na kuacha kulima mahali fulani, na malisho ya mifugo yaliwekewa masharti. Aliyekataa alishtakiwa na kutozwa faini. Wakubwa wa kienyeji ndio waliotakiwa kuisimamia amri hiyo mbele ya watu wao, na jambo hilo liliwaweka katikati ya moto miwili. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilitikisika: mwaka 1947 Magogo alitoka katika kiti cha ufalme, akaingia Kimweri Mputa Magogo, na chuki ya matuta haikupungua.

Amri ilisema watu walime matuta. Lakini watu hao ni nani? Katika vijiji vingi wanaume wengi walikuwa wamekwenda kazi za mshahara, hasa katika mashamba ya mkonge kule tambarare za Tanga na Korogwe. Aliyebaki na jembe ni mwanamke. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda, akipalilia, akivuna, akibeba kuni na maji, akinyonyesha; na juu ya hayo yote akaongezewa kazi ya kupasua kilima kwa mistari. Tangazo lilisomwa mbele ya wanaume barazani, na kazi ikawaangukia wanawake nyumbani.

Bibi alikuwa na watoto wawili wadogo wakati huo. Alinieleza kuwa alijaribu msimu wa kwanza. Alilima matuta katika kipande kimoja, na udongo mwekundu wa chini ukaja juu, mahindi yakatoka membamba. Msimu wa pili hakulima. Mumewe alikuwa hayupo, basi akaitwa yeye, akasimama mbele ya wazee na mtoto mgongoni. Akatozwa faini ambayo hakuwa nayo. Aliporudi nyumbani akawakuta wanawake wa jirani wameketi kizingitini pake. Kila mmoja alikuwa ameleta kibaba cha maharage. Maharage yale yaliuzwa, faini ikalipwa. Na tangu siku ile wanawake wale wakafanya agano kwamba mmoja wao akitozwa, wote wametozwa.

Naomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Chama kile hakikuwa na jina, wala kadi, wala mwenyekiti. Hakimo katika orodha ya vyama vilivyoleta uhuru. Lakini kilikuwa na ada, kwa kuwa kila mmoja alitoa kibaba. Kilikuwa na sheria, kwa kuwa aliyepokea alilazimika kutoa. Kilikuwa na siri, kwa kuwa hakuna aliyemtaja mwenziwe mbele ya baraza. TANU ilipozaliwa Julai 1954, na wajumbe wake walipoanza kupanda milimani, hawakukuta watu wasiojua maana ya umoja. Susan Geiger, aliyeandika juu ya wanawake wa TANU, ameonyesha jambo la namna hiyo mjini Dar es Salaam, ambako Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake katika chama kwa kupitia vikundi vyao vya ngoma. Mjini palikuwa na ngoma. Lukozi palikuwa na kibaba cha maharage. Chama kilivuna katika mashamba yaliyokwisha limwa na wanawake.

Upinzani ulizidi, na kabla miaka ya 1950 haijaisha amri ya matuta iliachwa. Uhuru ulikuja Disemba 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukaondolewa na sheria. Mtu angeweza kuimaliza hadithi hapa, na kusema kuwa bibi alishinda. Mimi mwenyewe niliimaliza hapa nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari. Nilimwandika bibi, bila kumtaja, kuwa mmoja wa wapinzani wa matuta, na nilijivunia sentensi hiyo.

Nilipokwenda Lukozi likizo nilimsomea. Wakati huo alikuwa mzee sana, macho yamepungua nuru, lakini masikio yalikuwa mazima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimesahau nilikocheza nikiwa mtoto. Nikanyamaza, kwa kuwa nilifahamu anachokisema. Katika miaka ya 1980 ulikuja Lushoto mradi mwingine wa kuhifadhi udongo na kupanda miti, uliosaidiwa na Wajerumani, ukijulikana kwa jina la SECAP. Mradi ule ulifundisha kukata kontua na kupanda juu yake majani ya guatemala, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe zizini. Na mwanamke aliyekuwa wa kwanza kukata kontua katika kilima chetu alikuwa bibi, katika shamba lile lile alilotozewa faini. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nilikuwa nikiruka kutoka ngazi moja ya udongo mpaka nyingine, nikakemewa nisivunje kingo.

Kwa hiyo bibi hakuwa mpinzani wa kuhifadhi udongo. Aliniambia kwamba hakuna mwanamke wa Lukozi aliyependa kuona udongo wake ukienda mtoni. Walichokataa ni kuamriwa kazi na mtu asiyewauliza shamba hilo lina tabia gani. Na waliogopa, kwa hofu iliyokuwa na sababu, kwamba ardhi iliyokwisha tengenezwa kwa mikono yao ingekuwa na mwenyewe mwingine. Mara ya pili waliulizwa. Mabwana shamba walikaa nao kwenye majani, wakatazama pamoja wapi maji hupita. Jembe lilikuwa lile lile, na kilima kile kile, na mwanamke yule yule. Lililobadilika ni kuulizwa.

Niliirudia sura nzima ya tasnifu. Nakiri kwamba nilikuwa nimetenda kosa lile lile la amri ya mwaka 1946: nilikuwa nimeandika juu ya mikono yake bila kuuliza kichwa chake. Mwenye elimu anaweza kumdhulumu mtu kwa kumsifu kama vile anavyoweza kumdhulumu kwa kumsahau.

Yapo mengine ya maisha yake ambayo hayana budi kutajwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shule nyingi za vijiji zilijengwa kwa kujitolea, na wanawake wa kwetu walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni, kila mmoja mzigo mmoja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Bibi ndiye aliyekuwa akihesabu mizigo. Hakujua kuandika, basi alitia punje ya maharage katika kibuyu kwa kila mzigo. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, aliingia darasa la jioni katika shule ile ile aliyoibebea mawe, naye umri wake umekaribia miaka 40. Alijifunza kusoma na kuandika jina lake, na hesabu za upatu wa wanawake zikahama kutoka kibuyuni zikaingia katika daftari. Daftari lile ninalo. Mwandiko wake ni mkubwa na mzito, kama wa mtu anayechora mfereji, na hakuna ukurasa ambao jumla yake haikupatana.

Palipotokea msiba, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na kuni, na miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Chemchemi iliyo chini ya nyumba yetu aliilinda kwa ukali: hapakufuliwa nguo juu yake, wala mti haukukatwa kando yake. Watoto tulimwogopa kwa ajili ya chemchemi ile kuliko kwa jambo jingine lolote. Sasa mabomba yamefika mahali pengi, na bado wakati wa kiangazi watu huishukia.

Lakini kumbukumbu isiyo na doa ni sifa tu, haijawa historia. Imenipasa kuandika na jambo ambalo lingeniwia rahisi kuliacha. Katika miaka ya 1960 mtihani wa darasa la nne ulikuwa ndio mlango mwembamba wa kuendelea na masomo. Mama yangu, binti mkubwa wa bibi, aliupita mlango huo. Kaka yake hakuupita. Darasa la tano lilikuwa katika shule ya mbali, na mtoto angelazimika kuondoka nyumbani. Bibi alimzuia. Alisema kazi ya shamba imezidi, na wadogo wanahitaji mlezi. Na mwaka uliofuata yule kaka alirudia darasa kwa fedha za maharage aliyoyalima dada yake. Mama hakusoma tena. Hakupiga kelele wakati ule wala baadaye, ila kila nilipoleta nyumbani karatasi ya mtihani aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa kusomwa.

Basi mwanamke aliyekataa kuamriwa bila kuulizwa, yeye naye alimwamuru binti yake bila kumwuliza. Sisemi haya kwa kumhukumu. Bibi alilifahamu jambo hilo kuliko mimi. Uzeeni aliuza ng'ombe wake wawili, mmoja kwa ajili ya ada yangu na mmoja kwa ajili ya ada ya binamu yangu wa kike. Na alipompa mama fedha zile azipeleke shuleni, hakumpa mkononi kama desturi yake, bali alizifunga katika kitambaa pamoja na daftari jipya tupu, akamwambia kuwa daftari ni lake yeye mama. Jambo hilo halikusemwa zaidi ya hapo. Mama alianza kuandika humo majina ya mashamba yetu.

Majina hayo ni sehemu ya jibu la swali nililouliza mwanzo. Kila kipande cha kilima kina jina, na kila jina lina sababu: hapa mtu alizikwa, hapa maji yalivunja, hapa walikutana wanawake kugawa faini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Haki hiyo ikifika mbele ya baraza huhitaji ushahidi: nani alilima wapi, tangu lini, mpaka wa shamba ni mti gani. Katika mashauri ya namna hiyo daftari la mama limekwisha fumbuliwa zaidi ya mara moja, na wajane wawili wa jirani wamesaidiwa nalo wasiondolewe katika mashamba yao. Kumbe kukumbuka maisha ya mwanamke wa kijijini si pambo la jamaa. Ni hati. Asipokumbukwa yeye, ardhi aliyoiponya huwa kama haijawahi kuguswa na mkono wa mtu, na kila mwenye nguvu huweza kusema ni yake.

Kwa wanafunzi wetu wa historia na wa Kiswahili nina ombi. Barua za maofisa wa zamani zimehifadhiwa na zitangoja; wazee hawangoji. Mtakaporudi makwenu msiwaulize bibi zenu habari za machifu kwanza, kwa maana watawaambia nendeni kwa babu. Waulizeni shamba la kwanza walilopewa lilikuwa wapi, na nani aliwasaidia kulima mwaka walipojifungua. Waulizeni walitozwa nini, na nani aliwalipia. Waulizeni na jambo wanalolijutia, kama moyo wao utaridhia. Na mkiambiwa, andikeni kwa adabu ile ile mnayoandikia ushujaa. Mkimaliza kuandika, wasomeeni. Huenda wakawaambia, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba mmesahau mlikocheza.

Bibi alizikwa kando ya shamba lake, upande wa juu, siku ya mvua. Wanawake waliokuja na kuni walikuwa wengi kuliko nyumba za kijiji. Maji yale ya mvua yalishuka kutoka kilimani mbele ya macho yetu, yakafika kwenye majani ya guatemala, yakapungua mwendo, yakatuama katika mfereji alioukata. Yaliyopita chini hata kufika mtoni yalikuwa meupe.